Ua la Fanusi Huchanua kwenye Tawi Jipya

Mmea wa fanusi ukiupanda uzioni na kuunyoa kwa mkasi mkubwa kama michongoma, utakupa majani tele na maua ya kuhesabu. Sababu iko kwenye umbile lake. Wataalamu huuita Hibiscus schizopetalus, ndugu wa hibiskusi ya kawaida ya bustanini. Petali zake zimechanika vipande vyembamba vilivyopindia juu, na ua zima huning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu. Kikonyo hicho hutokea kwapani mwa jani, kwenye tawi changa, kuelekea nchani. Ukinyoa ncha zote, umeyakata maua kabla hujayaona.

Kinachofaa ni kupogoa kwa zamu. Masika yakikaribia, chagua matawi mawili matatu yaliyozeeka, ukate kila moja karibu na shina, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Mengine yaache na urefu wake. Macho yatatoa machipukizi marefu, laini, yanayoinama kwa uzito wake yenyewe, na huko ndiko fanusi zinakoning'inia. Ukiupanda mmea chunguni, chungu kiweke juu ya ukuta mfupi wa baraza, kwa kuwa ua hili uzuri wake huonekana ukilitazama kutoka chini.

Udongo ndio unaowasumbua wengi wa pwani. Wauza maua wa nje huuita mmea huu fanusi ya Kijapani, lakini kwao ni misitu ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, ambako mizizi hujilia majani yaliyooza. Nyua zetu zina matumbawe na vifusi vya saruji, yaani chokaa tupu. Chokaa huzuia mizizi isipate madini ya chuma: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu hukimbilia urea, nayo huongeza majani bila kuponya. Majivu ya jikoni huzidisha tatizo, maana nayo yana chokaa. Mimi huchanganya udongo wa juu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na mchanga wa mtoni sehemu moja, kisha hufunika uso wa chungu kwa majani makavu. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi.

Kuuzalisha ni kwa vipandikizi. Kata tawi la unene wa penseli, lisilo laini sana wala gumu sana, sentimita 10 hadi 15. Chini kata mshazari, chini tu ya kifundo, kwa kuwa mizizi huanzia hapo. Ondoa majani ya chini, na yaliyobaki juu yapunguze nusu, kwani kipandikizi kisicho na mizizi hupoteza maji kwa majani yake bila kuyarudisha. Kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kikae kivulini. Baada ya mwezi hivi kivute taratibu. Kikishikilia, kimeota mizizi. Kihamishie kwenye jua la asubuhi.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, subiri kesho, maana maji yakituama vichomozo vya maua hudondoka. Na ukiona sisimizi wanapanda shina mfululizo, geuza majani: huenda wanafuata utamu wa vidung'ata weupe kama pamba. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, jioni, jua likishapoa.