Ngumi Yenye Kipimo

Mazoezi ya ngumi mjini Goma huanza kwa kuokota mawe. Wanaofika mapema huinama, wakaondoa kokoto nyeusi za volkano pale watakaposimama watu, wakazitupa pembeni. Kesho yake zipo nyingine. Mji huu umekaa juu ya mawe yaliyowahi kuwa moto. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002 na kuupasua mji katikati hadi ziwani, ukarudia tarehe 22 Mei 2021 na moto wake ukaishia Buhene, mlangoni mwa mji. Juu ya lava hiyo tumesimamisha nyumba za mbao, kwa lava hiyo tumejenga kuta, na sisi watu wa ngumi ndipo tunapojifunzia kusimama. Naamini ndiyo sababu bondia mzuri wa Goma huwa mzuri kwanza miguuni.

Mimi ni bondia wa ridhaa. Hakuna anayenilipa, wala sitarajii kulipwa. Pambano letu ni raundi tatu za dakika tatu, na dakika moja ya kupumua kati ya raundi na raundi. Dakika tisa za ngumi, basi. Anayetuona siku ya pambano huona dakika hizo tu, na mara nyingi huona damu kidogo na jasho jingi, akaenda nyumbani akisema vijana wale wana nguvu. Nguvu ipo, lakini nguvu ni kitu rahisi. Goma imejaa watu wenye nguvu. Ninachokiheshimu katika kazi hii ni kipimo.

Chukua kusimama peke yake. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma na kisigino chake kimeinuka kidogo, magoti yamelegea, miguu imeachana kwa upana wa mabega. Ukienda mbele, mguu wa mbele unatangulia na wa nyuma unaufuata kwa hatua ile ile. Ukirudi nyuma, wa nyuma unatangulia. Ukienda kushoto unaanza na wa kushoto, ukienda kulia unaanza na wa kulia. Miguu haipishani wala haikutani, kwa sababu anayepigwa wakati miguu yake imekutana huanguka hata kwa ngumi dhaifu. Mtoto anaweza kuikariri sheria hii kabla hujamaliza kuisema. Kuufanya mwili uitii bila kuulizwa, huku mtu mwingine anautafuta uso wako, ni kazi ya miaka.

Kocha wetu hufunga kamba fupi kati ya vifundo vya miguu ya mwanafunzi mpya, akamwambia azunguke uwanja. Akivuta hatua ndefu mno, kamba inamkatalia. Akiikusanya miguu, kamba inalegea na kugusa chini, na kocha anaiona. Hapazi sauti. Husema tu, “Rudia, kadogo,” na kadogo anarudia. Kwenye sakafu laini mtu angeweza kuburuza mguu. Hapa ukiburuza unajikwaa, kwa hiyo tunajifunza kuinua unyayo kwa unene wa kidole na kuushusha palepale tulipokusudia. Siku bondia wa namna hiyo anapopanda ulingo wenye turubai, miguu yake haina kelele. Napenda kufumba macho wakati wenzangu wanazunguka, nisikilize nani anasikika.

Labda miguu hiyo haianzii uwanjani. Wapo kati yetu wanaosukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba viazi au makala kutoka pande za Kibumba hadi mjini. Kwenye mteremko, breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa na unyayo juu ya gurudumu la nyuma. Mtu anayeweza kuusimamisha mzigo mkubwa kuliko yeye kwa kuhesabu uzito wa mguu wake, kidogo hapa, zaidi pale, amekwisha kujifunza jambo ambalo bondia wa mji mwingine hulilipia mwalimu. Wasichana wa klabu wengi wamekua wakibeba maji. Mji uko kando ya ziwa, na bado maji hutembea barabarani ndani ya bido, yale madumu ya njano. Shingo iliyobeba bido tangu utotoni haitikisiki ovyo. Sisemi hivyo kuusifu umaskini. Ningependa kila nyumba ya mitaa ya Majengo na Ndosho iwe na bomba. Nasema tu kwamba mwili unakumbuka kazi uliyofanya, na kocha mwenye akili huanzia hapo.

Asubuhi tunakimbia. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pafu la mtu wa hapa linafanya kazi hata amelala. Njia ya kukimbilia huchaguliwa na wakubwa, kwa sababu ya mazuku. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hujilaza mabondeni na kwenye mashimo karibu na ziwa, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haionekani. Mbuzi huingia wakafa, na watu pia wamekufa. Basi tunakimbilia palipoinuka, na pale barabara inaposhuka tunasubiri jua lipande. Sijui mji mwingine ambako mkimbiaji hufundishwa kuiogopa hewa ya bondeni kabla ya kufundishwa kupumua.

Kisha bandeji. Hapa ndipo mtu asiye wa ngumi angechoka kutazama, nami ndipo nisipochoka. Mkono una mifupa 27, mingi yake midogo, na ngumi iliyofungwa vibaya huvunja mkono wa mpigaji kabla ya taya ya mpigwaji. Bandeji za dukani ni chache, wengi hukata vipande virefu vya shuka la mutumba. Kitanzi kinaanzia kwenye dole gumba. Kitambaa kinazunguka kifundo cha mkono mara kadhaa, kinapanda kwenye vifundo vya vidole, kinarudi, kinapita katikati ya kidole na kidole, kinafunga dole gumba, kinamalizikia kwenye kifundo cha mkono tena. Mkono huwa wazi wakati wa kufunga, vidole vimetanuliwa. Ukikunja, bandeji ibane. Ukifungua, damu ipite. Bondia mkubwa humfunga mdogo, kisha humwambia, “Kunja. Fungua. Inauma wapi?” Nimeona vijana ambao hakuna mtu aliyewahi kuwauliza inauma wapi. Hukaa kimya kidogo, kana kwamba swali ni gumu, ndipo wakajibu.

Glavu hazitoshi, kwa hiyo tunapokezana. Asiye na glavu hakai bure: anatazama, na baadaye ataulizwa alichoona. Upungufu huo umetupa macho.

Na sasa mkono wa kushoto, ule wa mbele, ambao sisi huku tunauita direkti kama tulivyopokea kwa Kifaransa. Mtu akija mara ya kwanza anataka kuonyesha wa kulia, wenye nguvu. Kocha humwacha na wa kushoto wiki kwa wiki. Bega linasogea kwanza, kiwiko kinafuata bila kufunguka nje, ngumi inakwenda kwa mstari ulionyooka na kujigeuza mwishoni tu, kiganja kikitazama chini. Hewa inatoka puani kwa mkato. Halafu mkono unarudi kwa njia ile ile uliyokwenda nayo, na kwa kasi ile ile au zaidi, hadi shavuni. Kurudi huko ndiko kunakomtambulisha fundi. Kila mtu anajua kutuma mkono; wachache wanajua kuurudisha. Mkono unaorudi ukining’inia, ukipitia kiunoni, umeacha mlango wazi kwa muda mfupi sana, na huo muda mfupi ndio anaousubiri mtu aliyesimama mbele yako. Ninapomtazama bondia nisiyemjua sihesabu ngumi zake. Natazama mkono wake uko wapi baada ya kupiga.

Vyote hivi vinatumikia umbali. Kuna mahali, hatua moja mbele ya mpinzani, ambapo ngumi yake inakufikia na yako inamfikia. Nyuma ya hapo hakuna anayemfikia mwenzake. Ufundi ni kuishi nyuma ya mstari huo, kuingia, kufanya kazi, na kutoka kabla jibu halijaja. Macho mawili hupima umbali huo bila sisi kujua. Ndiyo maana siwezi kuandika juu ya ngumi za Goma nikampita Balezi Bagunda, anayejulikana zaidi kwa jina la Kibomango. Alikuwa askari angali mtoto, akapoteza jicho moja, kisha akawa bondia, na mwalimu wa vijana waliotoka vitani, wa watoto wa barabarani na wa wasichana. Mwenye jicho moja anaponyimwa kipimo kile cha bure hulazimika kukipata kwa njia nyingine: kwa kusogeza kichwa, kwa kusoma bega la mpinzani, kwa mguu. Mwalimu aliyelazimika kukitafuta kipimo upya ana jambo la kufundisha ambalo mwenye macho mawili hakuwahi kulihitaji.

Kila bondia wa Kongo amerithi ule usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu, saa kumi alfajiri, Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40, 37 kati ya hayo kabla ya kengele ya mwisho. Wazee husimulia kelele za uwanja, na jinsi Ali alivyoegemea kamba akamwacha mwenzake ajichoshe kwa kupiga mikono na mbavu. Mimi hutazama filamu yake kwa ajili ya kitu kimoja kilichotokea mwishoni mwa raundi ya nane. Foreman amepigwa, anageuka, anaanguka. Ali anamzunguka na mkono wa kulia umekwisha kuinuliwa, uko tayari, uso wa Foreman uko wazi. Haupigi. Anamfuata kwa macho hadi chini na mkono unabaki hewani. Ngumi ile isiyopigwa ni nzuri kuliko zote za usiku ule, kwa sababu mtu aliyekuwa ametafuta nafasi hiyo kwa raundi nane alijua, ndani ya kufumba na kufumbua, kwamba kazi imekwisha.

Huku kwetu nguvu haina tabia hiyo. Nimekua katika mji ambao majeshi yameingia na kutoka, na mwishoni mwa Januari 2025 uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukanyamaza, hela ikawa ngumu kuliko ilivyokuwa. Mwenye bunduki hapimwi uzito kabla ya kukutana na asiye nayo. Bondia anapimwa. Siku ya shindano asubuhi unapanda mzani, na ukizidi, hupigani. Unapewa mtu wa uzito wako, ana mikono miwili kama wewe, na kati yenu kuna mtu wa tatu ambaye neno lake ni la mwisho. Ukianguka anahesabu, mwenzako anakwenda kwenye kona na kungoja. Ukishindwa kujilinda anasimamisha, na hakuna anayekuita mwoga. Katika maisha ya Goma sijapata mahali pengine ambapo kanuni hizi zinatimizwa kila siku bila rushwa na bila kelele, na zinatimizwa na vijana ambao mtaani huitwa maibobo, yaani watoto wa barabarani.

Kwa hiyo inaniuma ninapomwona bondia anaikodisha ngumi yake kwa wanasiasa, kwenda kutawanya mkutano wa watu wasiojua hata kukunja vidole. Huyo ameutupa mzani. Hata akishinda mataji, kwangu amekwisha kuacha ngumi.

Wasichana wameleta jambo jipya klabuni. Mwanzoni baadhi ya wazazi walisema mtoto wa kike mwenye ngumi hataolewa; wengine walinyamaza na kuja kutazama wamesimama ukutani. Wasichana hawakuja na kiburi cha mkono wa kulia, basi wakajifunza wa kushoto haraka kuliko sisi. Walimtazama bondia wa Kongo Marcelat Sakobi kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, katika uzito wa kilo 57. Alishindwa na Sitora Turdibekova wa Uzbekistan, na baada ya uamuzi akaufunika mdomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili akavielekeza kwenye panja kama bunduki, ishara ile ile ambayo Léopards, timu yetu ya taifa ya soka, walikuwa wameionyesha mwezi Februari kwenye Kombe la Afrika huko Ivory Coast, kwa ajili ya wanaouawa huku mashariki dunia ikinyamaza. Hapa Goma hakuna aliyehitaji maelezo. Wasichana wetu waliongea juu ya ishara, halafu wakarudia pambano lenyewe na kubishana kuhusu raundi, nani aliingia, nani alichelewa kutoka. Nililipenda hilo. Walimpa heshima zote mbili, ya Mkongo na ya fundi.

Siku hizi kocha ametuwekea kazi ya mpinzani wa mkono wa kushoto, yule anayetanguliza mguu wa kulia. Kila kitu kinageuka. Miguu ya mbele inakanyagana, direkti zinagongana njiani, na ngumi yake nzito inakuja kutoka upande ambao hujauzoea. Dawa yake ni ndogo na inachosha: mguu wako wa kushoto ukae nje ya mguu wake wa kulia, daima, hata kwa upana wa kidole. Ukiwa nje, mkono wako wa kulia una njia iliyonyooka na wake wa kushoto umeachwa mbali. Ukiwa ndani, hali inakuwa kinyume. Yeye naye analijua hilo, anautaka huo huo upande wa nje, na watu wawili huweza kuzunguka dakika nzima bila ngumi hata moja wakigombea kipande cha ardhi kisichotosha kuweka bakuli. Ukipita karibu na uwanja jioni na ukaona vijana wawili wanazungukana hivyo na hakuna anayepiga, ngoja kidogo, tazama chini.