Joshua wa Njia Panda: Gharama ya Imani Hulipwa na Nani?

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, aliyoiandika alipokuwa mwanafunzi wa Makerere na ikachapishwa mwaka 1965, iliingia katika Kiswahili kwa kalamu ya John Ndeti Somba, ikapewa jina la Njia Panda. Tumeisoma na wanafunzi wetu hapa Uganda mara kadhaa, na kila mara mjadala huwaka juu ya mtu mmoja: Joshua, mhubiri wa Makuyu.

Wengi wao humwona kuwa shujaa, wala si ajabu. Wamelelewa katika nchi ambayo kila tarehe 3 Juni huwakumbuka vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao. Kwao, mtu asiyeyumba ndiye mtu wa Mungu. Joshua hayumbi. Alitoroka kwao akiwa kijana, akakimbilia misheni ya Siriana, na tangu hapo hakutazama nyuma. Binti yake Muthoni alipokwenda Kameno kutahiriwa kinyume cha amri yake, alimhesabu kuwa hayupo tena. Kidonda kilipokataa kupona na Muthoni akafia hospitalini, baba hakuonyesha huzuni yoyote.

Twaona kwamba ulinganisho huo hausimami. Vijana wa Namugongo walilipa kwa miili yao wenyewe. Katika nyumba ya Joshua, aliyepoteza uhai ni Muthoni. Anayeumia kimya kimya ni Miriamu, mkewe, ambaye mumewe hujuta mbele ya Mungu kwamba alimwoa hali ametahiriwa. Hatimaye hata Nyambura, binti aliyebaki, humwacha baba yake. Imani ya moyo wote ina gharama, hilo halina ubishi. Mwandishi anatuuliza tu gharama hiyo inatoka katika mfuko wa nani.

Hatusemi kwamba Joshua alikosea kuipinga tohara ya wasichana. Kisu hicho ndicho kilichomwua mwanawe, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imekipiga marufuku. Kosa lake ni kudhani kwamba akisha kukataza, kazi ya baba imekwisha. Injili ya Luka, sura ya 14, humtaka mfuasi ahesabu gharama kama mjenzi wa mnara, na awe tayari hata kuwaacha jamaa zake. Joshua aliishika sura hiyo barabara. Lakini sura inayofuata inasimulia habari za baba anayemkimbilia mwanawe mpotevu akali mbali. Hiyo Joshua hakuifikia. Na huyo Muthoni aliyemkana alikufa akisema kwamba amemwona Yesu.

Hapa tuna neno na mfasiri. Honia, mto wa riwaya hii, jina lake lina maana ya uponyaji. Hutenganisha Makuyu na Kameno, na papo hapo huzinywesha zote mbili. Njia panda hainyweshi mtu. Humlazimisha msafiri achague, na msomaji wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hukumbuka kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Jina ni tamu, tena ni Kiswahili safi, ila limeegemea upande wa Joshua: Muthoni, aliyetaka kuwa Mkristo na pia mwanamke wa kabila lake, amekwisha kuhukumiwa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Riwaya yenyewe haimhukumu hivyo.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu waanzie kwenye jina la kitabu, mto na njia panda, kabla ya kugusa wahusika. Kisha wanafunzi waandike insha wakitaja, mmoja mmoja, watu wote walioilipia imani ya Joshua. Wakimaliza orodha hiyo, waulizwe yeye mwenyewe alilipa nini.