Jina la Canterbury katika Muziki wa Roki na Jazi

Wahakiki wa muziki wa Uingereza wamezoea kutaja "Canterbury" kana kwamba ni jina la mtindo wenye mipaka yake, kama sisi tutajavyo utenzi au shairi. Mji wenyewe ni mdogo, nao wajulikana zaidi kwa kanisa lake kuu kuliko kwa muziki. Yafaa kuuliza kama jina hilo lastahili, na kama lastahili, ni sifa gani hasa lionyeshayo.

Asili yake haina mgogoro. Mwaka 1964 vijana wa mji huo na jirani zake waliunda bendi iliyoitwa Wilde Flowers. Haikutoa santuri hata moja katika uhai wake. Sauti zake zilizohifadhiwa zilitolewa mwaka 1994. Walakini hilo ndilo shina, na humo ndimo walimotoka waanzilishi wa Soft Machine (1966) na wa Caravan (1968).

Wanaolikataa jina hili wana hoja yenye nguvu. Robert Wyatt alizaliwa Bristol. Daevid Allen alikuwa Mwaustralia. Alipokataliwa kurudi Uingereza mwaka 1967, aliunda bendi ya Gong huko Paris. Hatfield and the North ilipata jina lake katika kibao cha barabara itokayo London. Na kati ya wanne waliopiga santuri yake ya 1975, ni Richard Sinclair peke yake aliyekuwa mtu wa Canterbury. Basi mahali hapatoshi kuwa kipimo.

Wengine hutafuta kipimo katika ala: kinanda cha umeme chenye sauti ya kukwaruza, kama alivyokipiga Mike Ratledge, na mapigo matano au saba badala ya manne. Lakini mapigo ya namna hiyo yalikwisha sikika Marekani katika santuri ya Dave Brubeck ya 1959, wala kinanda hakina uraia.

Kwa maoni yangu alama yenyewe ni lafudhi. Wakati ambapo Waingereza wengi walijitia Umarekani kila walipoimba, Kevin Ayers, Wyatt na Sinclair waliimba kwa matamshi ya nyumbani kwao, kwa sauti ya mazungumzo, tena juu ya mambo madogo. Mwaka 1971 Caravan waliimba habari za msichana auzaye chai katika uwanja wa gofu. Juu ya muziki uliopinda na kurefuka namna ile, usemi huo wa kawaida ndio uliompa msikilizaji mahali pa kushika.

Ushahidi umo katika santuri ya Soft Machine iitwayo Third (1970). Ina tungo nne, kila moja ikijaza upande mzima. Ni moja tu, Moon in June, iliyo na maneno. Alipouimba utungo huo katika BBC mwaka 1969, Wyatt alibadili maneno yakawa juu ya kazi ile ile ya kuimba pale BBC. Katika Fourth (1971) hamna neno hata moja. Upigaji wake ni wa ustadi, ila ni jazi ambayo mafundi wengine wa London wangaliweza kuipiga. Mwaka huo huo Wyatt alitoka, akaiita bendi yake mpya Matching Mole, mchezo wa maneno juu ya tafsiri ya Kifaransa ya jina la bendi aliyoiacha.

Mwaka 1973 alianguka kutoka dirishani, akapooza miguu. Santuri ya Rock Bottom (1974) yamsimamisha kwa sauti na kinanda. Humo maneno yavunjika hata kuwa silabi zisizo katika kamusi, na lafudhi haipotei.

Basi jina na libaki, ila lisomwe kama jina la usemi. Mhakiki ahesabuye ala na vyeti vya kuzaliwa, asisikilize matamshi, aacha nje kile kilichowatofautisha watu hawa na wenzao.