Dua ya Mgonjwa katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umezoeleka kusomwa kama kitabu cha adabu za mke. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934, waliuweka wajibu wa mke katika anwani yenyewe. Tangu hapo wachambuzi wamevutana juu ya suala moja: mama huyu anamfundisha binti yake utii, ama anamfundisha werevu wa kuishi chini ya utii? Mwaka 1991 Ann Biersteker aliufufua mjadala huo kwa kutazama uhusiano wa lugha na mamlaka. Ubishi wenyewe una maana, lakini umeifunika sehemu ya mwisho, ambamo mshairi anamwacha binti na kumgeukia Mola. Sehemu hiyo hupitwa haraka, kana kwamba dua ni desturi tu ya kufungia utendi.

Hali ya mtunzi isisahauliwe. Utendi ulitungwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na masultani wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki. Mjane huyo alikuwa ameugua mwaka mzima, naye anautaja ugonjwa huo mapema kabisa, katika beti za kwanza, pasipo kuomba afya mahali hapo. Anaagiza wino na karatasi. Anausia dini, adabu, usafi na utunzaji wa mume. Anaikumbuka ndoa yake mwenyewe. Ndipo anapoinua mikono. Alifariki mnamo 1860.

Mpangilio huo ndio ufunguo wa utulivu wake. Kumtegemea Mungu humu si kukunja mikono. Yaliyo katika uwezo wa mama yanatimizwa kwanza, na yaliyobaki anakabidhiwa Mwenyezi. Katika miji ya Kongo, ambako «Mungu iko» husemwa na aliyekosa mshahara na aliyefiwa vilevile, maneno hayo mara nyingi huchukuliwa kuwa amri ya kunyamaza, hasa yakitoka kinywani mwa asiyepatwa na shida. Mwana Kupona hanyamazi. Anaomba apone, anawaombea wanawe, ndugu na jamaa, anaomba maghufira na mwisho mwema. Anaomba mengi, tena bila haya.

Sarufi yashuhudia hayo. Hali ya amri na dhamira tegemezi, zilizotumika kumwagiza binti, ndizo zinazotumika kumsihi Mungu. Nafsi ya pili umoja inabaki ileile. Aliyebadilika ni msemeshwa tu. Kina cha kipande cha nne, -ya, nacho kinaendelea ubeti hadi ubeti katika utendi wote: hakivunjiki ugonjwa unapotajwa, wala hakipandi dua inapoanza. Msomaji wa Lubumbashi, anayehangaika na msamiati wa Kiamu, aweza kuisikia sauti hiyo isiyotetemeka hata kabla ya kuelewa kila neno. Mahali patulivu kuliko pote ni pale anapomwachia Mola hata yale ambayo ulimi haukuyatamka. Baada ya maombi marefu hivyo, kukiri kwamba mengine hayakusemwa, na kwamba hayo nayo yanajulikana, ndiko kupumzika kwake.

Hata hivyo utendi una ufa, na haufai kuzibwa kwa sifa. Katika wasia, binti anaambiwa kwamba Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa: akitaka mkewe aingie Peponi, ataingia, akitaka vingine, vitakuwa vingine. Kati ya binti na Mungu amesimamishwa mtu. Lakini mama, katika dua yake, hamsimamishi yeyote. Anasema na Mola ana kwa ana, kama mja, kama mzazi, kama mgonjwa. Yawezekana kujibu kwamba ni mjane, na kwamba mumewe alifariki akiwa radhi naye, kwa hiyo mlango kwake umekwisha kufunguliwa. Jibu hilo lakubaliana na mafundisho ya wasia. Halikubaliani vizuri na dua, ambamo radhi ya marehemu haitolewi kuwa hoja hata mara moja. Binti aliyekaa na kalamu mkononi alizisikia sauti zote mbili kwa siku zilezile, na utendi haumwambii aifuate ipi.