Ua wa Nyumba na Kijiji cha Gourna

Kuna kitabu kinachomfaa kila mtu anayetaka kujenga, na zaidi yule anayetaka kuwajengea wengine. Ni kitabu cha Hassan Fathy (1900-1989), mchoraji wa majengo wa Misri, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1970 kwa jina la Construire avec le peuple. Humo asimulia habari za kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kazi aliyopewa mwaka 1945.

Watu wa Gourna ya zamani walikaa juu ya makaburi ya wakubwa wa kale. Wengine wao walipata riziki kwa kufukua vitu vya makaburini na kuviuza. Serikali ikaamua kuwahamisha wote, watu kama 7,000, naye Fathy akaitwa awajengee.

Kwanza tumsifu. Alijenga kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, akaita mafundi wa Aswan waliojua kujenga mapaa ya duara pasipo kuegemeza mbao. Nyumba akazipa ua wa ndani. Maana ya ua aliijua sana. Usiku hewa ya baridi hushuka humo na kukaa kati ya kuta. Asubuhi, jua lisipofika bado, vyumba hupata ubaridi wake. Tena ua huwaficha watu wa nyumbani wasionwe na wapita njia, lakini mbingu wanaiona. Nyumba za ukoo mmoja akazizungusha kwenye kiwanja kimoja, wapate kukutana na kufanya arusi zao. Mambo haya ayaeleza vizuri, na msomaji hachoki.

Lakini kazi ilisimama mwaka 1948 kabla ya kwisha, na wengi wa Gourna walikataa kuhamia. Fathy awalaumu maofisa, tena na wale waliofaidi makaburi. Lawama hizo zina haki, ila hazitoshi. Jina la kitabu lasema kujenga pamoja na watu. Lakini neno la kwanza, yaani kuhama, watu hawakuulizwa. Tena mwenyewe akiri kwamba wanawake hakuweza kuwauliza, kwa sababu walifichwa na waume zao.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Je, mwenye ua ni nani? Sisi tunaokaa katika lupango twajua. Mama ndiye anayepika uani, anayefua, anayelisha kuku, anayeangalia watoto. Yeye ndiye ajuaye moshi unakwenda upande gani na maji yamwagwe wapi. Mchoraji aweza kupima upepo na kivuli. Kazi ya siku nzima ya mama hawezi kuijua asipoambiwa.

Leo nyumba nyingi za kijiji kile zimebomolewa au kugeuzwa; msikiti wake ungalipo. Kitabu kisomwe hata hivyo, maana chafundisha mengi juu ya udongo na hewa. Lakini atakayekifuata awaulize akina mama kabla ya kupima kiwanja.