Gauni Moja la Sikukuu

Kuna filamu fupi ya katuni ya mwaka 1966, How the Grinch Stole Christmas!, ambayo kila Desemba hutajwa kati ya zile bora za kutazamwa na familia nzima. Ina dakika 26. Jitu la kijani linaishi peke yake mlimani na linachukia kelele za sikukuu za majirani wa bondeni. Usiku wa kuamkia Krismasi linashuka na kuwaibia kila kitu: zawadi, mti, chakula cha kwenye friji, isipokuwa punje ambayo hata panya haimtoshi. Asubuhi walioibiwa wanatoka nje, wanashikana mikono na kuimba kama vile hakuna kilichopotea. Jitu linapigwa na butwaa. Kumbe sikukuu haitoki dukani.

Ufundi wake siupingi. Muongozaji Chuck Jones alijua kuchora nia mbaya: Grinch akipata wazo, tabasamu linamtambaa usoni taratibu mpaka unamwogopa na kumcheka kwa pamoja. Ugomvi wangu ni na somo lake, na nitangulize kusema kwamba nina maslahi. Mama yangu anauza nguo za watoto Kariakoo, Mtaa wa Kongo.

Mama ni Muislamu. Krismasi haimhusu, zaidi ya sahani ya pilau inayoletwa na majirani, kama yeye anavyowapelekea Idi. Lakini kwenye daftari lake mwaka una misimu mitatu, Idi mbili na Krismasi, na Krismasi ndiyo inayoangukia wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Ada zangu za Januari zililipwa na sikukuu ambayo nyumbani kwetu hatuisali.

Kuanzia katikati ya Desemba Mtaa wa Kongo haupitiki. Miti ya plastiki iliyopuliziwa theluji ya bandia inapangwa pembeni ya feni, na feni ndizo zinazotoka haraka zaidi. Vichwa vya wapita njia vinagusana na magauni yaliyotundikwa, yale ya neti yenye ua kiunoni. Mzazi anamgeuza mtoto, anampima gauni mgongoni, anaomba lililozidi saizi moja ili alivae na mwakani. Wengine walianza kulilipia kidogo kidogo tangu Oktoba. Neno "zawadi" silisikii pale hata mara moja. Wanasema nguo ya sikukuu, na sote tunamjua mtoto asiyekuwa nayo: siku hiyo haonekani barazani, anakaa ndani akisingizia homa.

Sasa mtazamishe mtu huyu Grinch. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, aliitazama pamoja nami nyuma ya meza ya Mama, kwenye kompyuta yangu. Walipoanza kuimba aliniuliza, "Mama mdogo, mbona hawapigi yowe la mwizi?" Swali hilo nimelibeba hadi darasani na bado sijapata mwalimu aliyelijibu vizuri. Kwamba vitu havina maana ni hekima tamu kwa mwenye vingi. Kwa mwenye gauni moja kwa mwaka, anayelichukua ni mwizi tu.

Tena filamu yenyewe haiamini inachohubiri. Baada ya wimbo Grinch anashuka na mzigo wote, anarudisha kila kitu, na hadithi inaishia mezani, nyama ikikatwa. Kama kweli havikuwa na maana, si angeviacha huko huko mlimani?

Dada zake wa enzi ile wana tatizo hilo hilo. A Charlie Brown Christmas ya 1965 inalalamikia sikukuu kugeuzwa biashara, na ililipiwa na Coca-Cola. Rudolph, paa wa pua nyekundu, alibuniwa mwaka 1939 na mwajiriwa wa maduka ya Montgomery Ward kwa ajili ya kijitabu cha kugawia wateja, na filamu yake ya 1964 ilidhaminiwa na General Electric. Sishangai, kwa sababu mtoto wa mfanyabiashara hashangazwi na tangazo. Ila Wamarekani wanazitazama kwa macho ya utotoni, wanazisamehe. Sisi huku Bara televisheni tuliipata mwaka 1994. Filamu hizi zilitufikia zote kwa mkupuo, bila kumbukumbu za bibi na babu, na leo muuza muvi anakujazia kumi kwenye flashi bila hata kusoma majina. Hatuna deni nazo.

Ndiyo maana naipenda zaidi Mickey's Christmas Carol ya 1983, ingawa wakosoaji wengi wanaipita haraka. Ni hadithi ya Dickens ya mwaka 1843, bata Scrooge McDuck akiwa tajiri bahili na Mickey karani wake. Karani anaomba nusu siku ya mapumziko. Anapewa, na inakatwa kwenye mshahara. Nyongeza aliyowahi kupata ni nusu peni, siku alipoanza kumfulia bosi nguo. Baadaye mzimu unampeleka Scrooge dirishani kwa karani. Anaona mezani kijindege kimoja kwa familia nzima. Anauliza, na kile chungu kilichoko motoni je? Anajibiwa kwamba humo zinachemka nguo zake mwenyewe. Kijana anayeuza duka la jirani, ambaye pia ndiye anayewachukua watoto wa bosi wake shuleni, alicheka hapo mpaka akashika ukuta.

Kwa hakika filamu inakimbia mno. Dickens kwa dakika 26 ni kama kumeza ugali bila mboga. Lakini inajua deni linalipwaje: Scrooge akibadilika, Mickey anapata nyongeza na ubia wa biashara. Hakuna anayemwambia kwamba fedha si kitu.

Fupi kuliko zote ni The Night Before Christmas ya Tom na Jerry, ya mwaka 1941, ambayo haifiki dakika kumi. Paka anamfukuza panya hadi nje kwenye theluji, anaziba mlango, anakaa karibu na moto. Halafu hatulii. Anazunguka, anatazama mlango, anazunguka tena. Mwishowe anatoka, anamleta Jerry akiwa ameganda, anampasha joto na kumpa pipi. Jerry naye anakimbia kumzuia Tom asinywe maziwa, maana mwenyewe alikuwa ametega mtego bakulini. Hakuna anayehubiri. Mlango, pipi, bakuli la maziwa: kila kitu kina uzito wake, na mtoto wa miaka sita hakuwa na swali.

Inayonishinda kuizungumzia bila kupunguza sauti ni The Snowman, iliyorushwa Uingereza mwaka 1982. Raymond Briggs aliandika kitabu chake, cha mwaka 1978, bila maneno na bila Baba Krismasi. Waliotengeneza filamu ndio waliomwongeza. Nilitegemea kulichukia ongezeko hilo, lakini linaleta kitu kimoja ambacho filamu inakihitaji. Mvulana anafinyanga mtu wa theluji, usiku mtu huyo anapata uhai, wanaruka hadi Ncha ya Kaskazini, na Baba Krismasi anampa mvulana skafu. Asubuhi jua limewaka na rafiki yake ameyeyuka. Frosty, mwenzake wa Marekani wa mwaka 1969, aliyeyuka pia, lakini yeye alifufuliwa palepale watoto wasije wakalia. Huyu harudi. Mvulana anaingiza mkono mfukoni, anaikuta skafu, anapiga magoti.

Watengenezaji wangeweza kumwachia wimbo tu, au somo. Wamemwachia kipande cha nguo.

Tuliitazama jioni ya tarehe 23, bila sauti, maana kwa kelele za Kongo sauti haina kazi na filamu haina mazungumzo. Mtoto alinyamaza. Mama, aliyekuwa akirudisha chenji, aliinama kidogo kwenye skrini pale kwenye skafu. "Hiyo imefumwa kwa mkono," akasema, "siyo ya mashine." Akamgeukia mteja aliyekuwa anauliza kama gauni jekundu lipo la miaka minane.