Duka, Kalamu na Uhuru: Matangazo ya Biashara katika Magazeti ya Boston, 1761–1774

Wachambuzi wa maandishi ya siasa wamezoea kuitafuta hoja pale inapojitaja yenyewe: katika hotuba, katika waraka, katika barua ya wazi kwa mtawala. Tangazo la biashara huachiwa wanauchumi. Mgawanyo huo hausaidii kitu mtu anapoyasoma magazeti ya Boston, mji wa watu wapatao 16,000 katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Gazeti la huko lilikuwa kwa kawaida na kurasa nne, likitoka mara moja kwa juma. Matangazo yaliweza kuanzia ukurasa wa kwanza, yakakaa ubavuni mwa habari za Bunge la London bila ukuta wowote kati yake. Msomaji aliyetaka kujua bei ya vitambaa alipita katika siasa, na aliyetaka siasa alipita dukani.

Tena tangazo lenyewe lilikuwa jambo la siasa kabla halijasema neno. Sheria ya Stempu ya mwaka 1765 ilitoza magazeti kodi, na juu yake ikatoza shilingi 2 kwa kila tangazo. Ilifutwa Machi 1766, lakini mwaka 1767 ukaja ushuru wa Townshend juu ya kioo, risasi, rangi, chai na karatasi. Mchapaji aliguswa katika riziki yake mara mbili, na si ajabu kwamba Benjamin Edes, aliyechapa Boston Gazette pamoja na John Gill, alikuwamo katika kundi dogo lililopanga upinzani wa mji. Kusema kwamba Edes alipigania uhuru ni kweli, na kusema kwamba alipigania duka lake ni kweli vilevile. Anayemtaka achague moja hajaielewa kazi ya mchapaji.

Tarehe 1 Agosti 1768 wafanyabiashara wa Boston walitia sahihi mkataba wa kutoagiza bidhaa nyingi za Uingereza, uanze Januari 1769. Hapo ndipo lugha ya matangazo inapomvuta mwanaisimu. Zamani sifa kuu ya bidhaa ilikuwa upya wake: imeletwa kwa meli ya mwisho kutoka London. Sasa upya ukawa shtaka. Wenye maduka wakaanza kuandika kwamba mali yao iliingia kabla ya mkataba, na neno hilo dogo, «kabla», likabeba kazi yote ya kumtetea mwuzaji. Kimaana ni kielezi cha wakati. Kimatumizi ni kiapo. Wengine walisifu vitu vilivyotengenezwa palepale, na kitambaa cha kusokotwa nyumbani, kilichokuwa alama ya umaskini, kikavikwa heshima. (Ni Massachusetts hiyohiyo ambayo katika karne iliyofuata viwanda vyake vilileta kitambaa Zanzibar kwa meli za Salem, kikafika Nyangwe na Kasongo kwa jina la merikani. Waswahili waliita nguo kwa jina la nchi ilikotoka. Wenye maduka wa Boston walikuwa wamejifunza thamani ya jina kama hilo mapema.)

Aliyeshika udhaifu wa lugha hiyo alikuwa mwuza vitabu, John Mein, Mskoti aliyechapa Boston Chronicle pamoja na John Fleeming. Kuanzia Agosti 1769 alichapisha orodha za shehena kutoka katika hati za forodha: jina la meli, jina la mwenye mali, aina ya mali. Zilionyesha kwamba baadhi ya waliotia sahihi mkataba waliendelea kupokea bidhaa, na John Hancock hakusalimika. Umbo la maandishi hayo ni lilelile la tangazo la duka, orodha kavu isiyo na kivumishi. Lakini msomaji aliyeambiwa «nunua» na orodha ya kwanza aliambiwa «shuku» na ya pili. Kisha Mein akaongeza kejeli. Sifa ya «wenye nia njema», waliyopewa wakubwa wa mkataba, aliirudia hadi ikawa tusi, na Hancock akampa jina la mjinga anayechezewa. Tarehe 28 Oktoba 1769 alishambuliwa barabarani, akajificha, akakimbilia Uingereza. Wadai wake wa London walimpata wakala wa kudai deni lake huko Boston, naye alikuwa Hancock. Chronicle lilikufa katikati ya mwaka 1770. Mein alikuwa mtu wa kuudhi, na sababu zake hazikuwa safi. Lakini hoja yake haikujibiwa kwa hoja.

Upande wa pili nao uliijua nguvu ya orodha. Mwanzoni mwa 1770 magazeti yalichapa majina ya waliokataa mkataba, na William Jackson, mwenye duka lililojulikana kwa alama ya Kichwa cha Shaba, alitolewa karatasi ya peke yake. Karatasi hiyo inastahili kusomwa polepole. Inataja jina lake, kazi yake, alama ya duka lake, upande wa jengo la mji lilipo, na pampu ya maji iliyolikabili, sawasawa kama yeye mwenyewe angelipa kutangazwa. Ndipo inawasihi Wana na Mabinti wa Uhuru wasinunue kwake kitu chochote. Ni tangazo lililogeuzwa ndani nje: kila kinachomwelekeza mnunuzi mlangoni kinamfukuza.

Theophilus Lillie, aliyekuwa katika orodha hiyo, alijitetea gazetini Januari 1770, akidai kwamba ni afadhali kuwa mtumwa wa bwana mmoja kuliko wa mamia. Tarehe 22 Februari umati ulikusanyika mbele ya duka lake. Jirani, Ebenezer Richardson, akafyatua bunduki, na mtoto Christopher Seider, wa miaka ipatayo kumi na mmoja, akafa. Siku kumi na moja baadaye askari waliua watu katika barabara ya King. Kabla mwezi haujaisha, picha ya Paul Revere ya mauaji hayo ilikuwa inatangazwa kuuzwa magazetini.

Neno la Lillie haliwezi kupitwa vivi hivi. «Mtumwa» lilikuwa neno pendwa la pande zote mbili: walowezi walisema Bunge linawafanya watumwa, Lillie akasema walowezi wanamfanya mtumwa. Wakati huohuo gazeti la Edes na Gill, kama mengine ya mji, lilitangaza watumwa halisi. Tangazo la namna hiyo lilitaja umri, nguvu, kazi anazozijua, pengine kwamba amekwisha kuugua ndui, na kwamba hauzwi kwa kosa lolote. Halikutaja jina lake. Mara nyingi halikutaja hata jina la mwuzaji: mwenye haja aliambiwa aulize kwa mchapaji. Huu ndio mshono wa suala zima. Gazeti lililoona ni haki kumfichua mwenye kuagiza vitambaa liliona ni adabu kumsitiri mwenye kuuza mtu, na mchapaji wa uhuru akawa dalali. Mtumwa alipata jina gazetini alipotoroka. Hapo ndipo anaonekana: sura yake, mwendo wake, koti alilovaa, na onyo kwa manahodha wasimchukue.

T. H. Breen, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya soko na mapinduzi hayo, alieleza kwamba bidhaa za Uingereza ziliwapa walowezi wasiojuana lugha moja ya siasa, kwa kuwa wote walikuwa wanunuzi. Hoja hiyo ni nzito, na matangazo ya mkataba yanaiunga mkono. Lakini lugha ya wanunuzi ilikuwa na nafsi ya kwanza na ya pili tu: sisi tusinunue, ninyi msinunue. Aliyenunuliwa alibaki nafsi ya tatu, anayezungumziwa bila kuzungumza, na mchambuzi anayehesabu matangazo ya chai bila kuhesabu haya atapata mapinduzi safi kuliko yalivyokuwa.

Oktoba 1770, baada ya London kuufuta ushuru isipokuwa wa chai, wafanyabiashara wa Boston waliuacha mkataba. Upya ukarudi kuwa sifa, na meli ya mwisho kutoka London ikatajwa tena kwa fahari.

Magazeti hayo yalikuwa yametangaza mwaka 1761 shehena ya watu walioletwa kutoka Afrika kwa meli iliyoitwa Phillis. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka ipatayo saba, asiye na jina katika tangazo. Familia ya Wheatley ilimnunua, ikampa jina la meli. Januari 1774 wauza vitabu Cox na Berry walitangaza katika Boston Gazette la Edes na Gill kitabu cha mashairi kilichochapwa London, nalo jina la Phillis Wheatley likasomwa hapo kama jina la mwandishi, katika safu za bidhaa zilizoingia.